Katani Hawapiti Getini

Jumamosi ile Himaya FC waliifunga Katani ya Korogwe mabao manane bila mtu kutoka jasho, maana uwanjani hapakuwa na mtu. Waliokuwa wakikimbia kwenye nyasi walikuwa vivuli: wachezaji wa nuru, wa kimo cha binadamu, waliomulikwa na taa zilizofichwa kwenye paa la Uwanja wa Himaya jijini Dar es Salaam. Kivuli cha straika wao kilikuwa na chale yake ya shingoni na ile tabia yake ya kuvuta soksi kabla ya kupiga penalti. Mwenyewe alikuwa ng'ambo, amelala hotelini, akijiandaa kwa Kombe la Mabara ambako ndiko kwenye fedha. Kwa nini aje kuumia enka kwa ajili ya Korogwe?

Vivuli vya Katani vilikuwa kichekesho. Vilikuwa vya kijivu, havina sura, havina majina mgongoni, vinatembea kama mtu anayevuka tope la shamba la mpunga. Kimoja kikipata mpira kilisimama, kikafikiri, kikanyang'anywa. Watu waliolipa viingilio walicheka mpaka wakaegemeana.

Mashine iliyoendesha mambo hayo iliitwa Mkadiri. Kila mchezaji aliyeingia katika uwanja wowote wa Ligi ya Ukanda alitakiwa kupita kwenye lango-pimo, geti la chuma chembamba lililomsoma kwa muda wa pumzi moja: mifupa, misuli, mapafu, na kasi ya jicho kuuambia mguu la kufanya. Mkadiri aliyachukua hayo, akaichezesha mechi ndani ya akili yake maelfu ya mara, kisha akatoa kitu kilichoitwa pengo, yaani tofauti ya nguvu kati ya timu mbili. Pengo likiwa dogo, timu zilicheza kwenye nyasi. Likiwa kubwa, mechi ilihesabiwa tu na matokeo yakaonyeshwa kwa vivuli.

Baraza la Ligi lilisema sheria hiyo inawaokoa wadogo na aibu na gharama za safari. Uongo mtupu. Iliwaokoa wakubwa na viwanja vyenye mashimo. Viingilio vya mechi za vivuli vilikwenda vyote kwa mwenye taa, na taa zote katika ukanda mzima zilikuwa za Himaya. Mkadiri naye alikuwa wao, na malango pia. Baraza liliyakodi tu, kisha likajipiga kifua kwamba ndilo linalosimamia soka.

Katika chumba cha mitambo, Enjinia Mwasiti Semkiwa hakucheka. Yeye alizaliwa Korogwe, na kocha wa Katani alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Mhina. Msimu ulikuwa umebakiza mechi moja, marudiano ya timu hizihizi, safari hii Korogwe. Katani wakifungwa tena wangeshuka daraja, na klabu iliyoshuka ilinyang'anywa uwanja wake ukauzwa. Bila uwanja hakuna klabu, kuna jezi tu kwenye kamba.

Mwasiti aliingia ndani ya kumbukumbu za Mkadiri akitafuta vipimo vya vijana wa kaka yake. Hakukuta kitu. Si kwamba vilikuwa vibaya. Havikuwepo kabisa, na Mkadiri asiyemjua mtu humpa kiwango cha chini kuliko vyote. Wala hakuwa na pengine pa kuwajulia, kwa sababu mechi za wadogo kwa wadogo, ambazo Katani walizishinda nyingi, hakuna aliyepoteza kamera yake kuzirekodi. Mwasiti alielewa papo hapo, akajikuta anacheka peke yake kwa hasira. Katani hawapiti getini.

Jambo hilo lilikuwa la zamani kuliko yeye. Kipa mmoja wa Katani, kabla malango-pimo hayajawekwa, aliwahi kupita kwenye geti kuu la Himaya akiwa mzima, akavunjika mguu kabla ya mapumziko. Kamati ya ufundi ya klabu, ile kamati ambayo kila mpenda soka anajua haishughuliki na ufundi wowote wa mpira bali na uganga, ilikaa ikaamua kwamba chini ya geti pamezikwa kitu. Toka siku hiyo Katani waliingia viwanjani kwa kuruka ukuta, ugenini na nyumbani. Walitozwa faini, wakalipa, wakaruka tena. Usiwacheke. Himaya nao wanayo kamati kama hiyo. Tofauti ni kwamba yao inakaa kwenye kiyoyozi na inaitwa idara ya saikolojia.

Mwasiti alikwenda kwa bosi wake, Mkurugenzi Lukindo, mtu wa sauti laini aliyekuwa akisimamia mashine na pia kusajili wachezaji wa Himaya, na hakuna aliyeona ajabu mtu mmoja kushika vyote viwili.

"Katani hawajawahi kupimwa," Mwasiti alimwambia. "Tunawahukumu bila kuwajua. Niruhusu niende na lango la kukunja."

Alijiandaa kubishana. Lukindo alitabasamu tu.

"Nenda, Enjinia. Ligi ni ya wote. Wapime wote, usimwache hata mmoja."

Ulikuwa ukarimu wa haraka mno, na mtu mwingine angejiuliza. Mwasiti hakujiuliza. Alikuwa na furaha, na furaha ilimtia upofu.

Korogwe alipokelewa na Bi Kidawa, mwenyekiti wa kamati ya ufundi, muuza mitumba wa mtaa wa Manundu mwenye sauti ya kupasua bati. Alisimama katikati ya mstari wa goli, mikono kiunoni, nyuma yake kikosi kizima.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Hilo dude halitii mguu hapa."

"Si hirizi, mama. Ni mashine. Nimeshiriki kuiunda miye mwenyewe."

"Ndiyo nasema! Hirizi nayo huundwa na mtu. Chini yake mmezika nini?"

"Linakunjwa, tazama. Halina chini."

"Basi mmezika juu."

Vijana walicheka. Mhina hakucheka. Alimvuta dada yake pembeni, karibu na bomba la maji, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwasiti, nambie kama ndugu. Wale watu tunawajua. Wakishawaona vijana wangu, si watawachukua?"

Swali hilo alikuwa amelitarajia. Sheria ya Baraza ilimpa mwenye lango haki ya kwanza ya kumsajili yeyote anayepimwa kwa mara ya kwanza, tena kwa fidia iliyopangwa na Baraza lenyewe, klabu itake isitake. Kila mtu katika soka aliijua sheria hiyo na kuichukia.

"Dirisha la usajili limefungwa, kaka," alijibu. "Hakuna klabu inayogusa mchezaji mpaka msimu uishe. Mtacheza kwanza. Mtabaki kwenye ligi, uwanja utabaki wenu. Baadaye wakija, watakuja kwa timu iliyowatoa jasho, na fidia itakuwa ya maana."

"Una hakika?"

"Kaka, ligi hii naifanyia kazi. Mchezaji hasajiliwi dirisha likifungwa."

Mhina alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amemsomesha kwa mshahara wa kiwanda cha mkonge, na dada yake hakuwahi kumdanganya. Akamgeukia Bi Kidawa.

"Tunapita."

"Kocha!"

"Tunapita, Bi Kidawa. Nimechoka kufungwa nikiwa nyumbani nimekaa. Wanifunge nikiwa nimesimama."

Bi Kidawa hakukubali bure. Alidai kwanza alisafishe lango kwa mkono wake. Alipasua yai kila upande, akanyunyiza maji ya kitu alichokataa kukitaja, akazunguka akisema maneno, na mara moja taa ya lango ikawaka nyekundu kwa sababu ute wa yai ulikuwa umeingia kwenye jicho lake. Mwasiti aliufuta kwa pindo la khanga huku Bi Kidawa akitangaza kwa wote, "Mmeona! Limeshtuka!"

Kisha wakapita mmoja mmoja, wamekakamaa kana kwamba wanaingia kwenye maji baridi. Beki wa kushoto alifumba macho. Wa mwisho alikuwa Ngereza, straika, kijana mwenye matege aliyefyatua tofali asubuhi na kucheza mpira jioni. Lango lilipomsoma lilikaa kimya, likamsoma tena lenyewe bila kuamrishwa. Mwasiti aliangalia kioo chake. Kasi ya jicho hadi mguuni ilikuwa ya juu kuliko ya mtu yeyote katika Ligi ya Ukanda, Himaya wakiwemo.

Jibu la Mkadiri lilikuja kabla chai haijapoa. Pengo lilikuwa dogo. Himaya walitakiwa kufika Korogwe wenyewe, kwa miguu yao, na kucheza kwenye nyasi.

Mji ulipagawa. Wanawake walipiga vigelegele kuanzia sokoni hadi stesheni, tiketi ziliisha, na watu waliohamia mijini walianza kurudi kwa treni wakiwa wamevaa jezi za kijani walizokuwa wakizivaa kulalia. Mhina, mtu asiyejua kucheka, alimbeba dada yake juujuu kama mtoto. Mazoezini vijana waligombana nani atamkaba nani, wakiyataja majina makubwa ya Himaya kama majina ya majirani wenye deni la ugomvi. Mwasiti aliimbwa. Hata Bi Kidawa alikiri kwamba mwanamke akisoma si hasara, mradi awepo mtu wa kupasua yai.

Ijumaa asubuhi yalitua magari-paa, vile vyombo visivyo na rubani vinavyopaa bila kelele, rangi ya dhahabu ya Himaya ubavuni. Yalitua katikati ya uwanja wakati wa mazoezi. Hayakuwa na mtu ndani. Milango ilifunguka, sauti laini ikasoma majina saba, la kwanza Ngereza.

Mwasiti aliipiga simu-uso, na sura ya Lukindo ikasimama mbele yake hewani, imenyolewa vizuri.

"Enjinia! Nilitaka kukupigia. Umevunja rekodi. Wasaka vipaji wangu wanazunguka kila mwaka, hawajawahi kuniletea saba kwa mpigo."

"Dirisha limefungwa!"

"Limefungwa kwa wachezaji. Mchezaji kisheria ni nani? Ni mtu aliyepimwa langoni. Hawa mpaka juzi hawakuwa wamepimwa. Hawakuwa wachezaji wa klabu yoyote. Walikuwa watu tu wanaokimbia. Mtu wa kawaida husajiliwa siku yoyote."

"Wamecheza ligi msimu mzima!"

"Nani aliwaona?"

Mwasiti aliijua mashine ile hadi kwenye msumari wake wa mwisho, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kwa wenye mashine, asiyepimwa hayupo, na siku anapoanza kuwepo anakuwa mali ya aliyempima.

"Angalau mtawachezesha," alisema mwishowe.

"Wapi? Nina washambuliaji wa kutosha. Watakaa akiba, watalipwa, watanenepa." Lukindo aliirekebisha tai yake. "Sikiliza, Mwasiti. Sikutaka mabao yao. Nilitaka timu yangu isiende Korogwe."

Sura ikatoweka. Huo ndio unyama wa wakubwa: hata mnofu wasiokuwa na njaa nao hawauachi, maana akiula mwingine atapata nguvu.

Ngereza alikuwa tayari ameshika begi lake la nailoni. Mwasiti alimkimbilia.

"Usipande. Hawatakuchezesha, mkurugenzi mwenyewe kaniambia. Utaozea kwenye benchi."

"Dada Mwasiti," kijana alisema bila kumtazama, "benchi la Himaya lina mshahara. Miye nafyatua tofali. Weye mwenyewe uliondoka hapa, hukuondoka?"

Hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Ngereza alimgeukia kocha wake.

"Nisamehe, kocha."

"Nenda," Mhina alisema. "Ningekuwa weye ningekwishapanda."

Wakapanda wote saba. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyefungwa kamba. Ndivyo siku hizi watu wanavyoibiwa. Nyasi zililala chini ya magari-paa yalipoondoka, kisha zikainuka. Mhina alibaki na kipa mzee, mabeki watatu, na filimbi.

Aliokota vijana mitaani kujaza kikosi. Kufikia jioni Mkadiri alikuwa amehesabu upya, na pengo lilikuwa kubwa kuliko lilivyowahi kuwa. Mechi ingehesabiwa. Waliokwisha kukata tiketi wangeonyeshwa vivuli, na kwa mujibu wa sheria hawakuwa na haki ya kurudishiwa chochote.

Jumapili lori la taa la Himaya lilipaki nyuma ya goli. Mtu angedhani watu wangesusa. Walikuja, kwa sababu walikuwa wameshalipa, kwa sababu ndugu zao walikuwa wamesafiri kutoka mbali, na kwa sababu mtu hana pengine pa kupeleka hasira yake siku ya mechi. Walikaa kimya, jezi za kijani jukwaa zima. Mhina alisimama kwenye mstari wake, sehemu ya kocha, ingawa hakukuwa na mtu wa kumpa maelekezo. Mwasiti alisimama hatua chache nyuma yake. Hakuna aliyemfukuza wala kumsalimia.

Taa zikawaka. Upande mmoja walitokea Katani, wengi wao vivuli vya kijivu visivyo na sura, maana vijana wa mitaani hawakuwa wamepimwa. Upande wa pili walitokea Himaya kwa jezi za dhahabu, na saba kati yao walikuwa watoto wa Korogwe, kwa kuwa kivuli hakikai benchi. Ngereza alikuwepo, na matege yake, na kovu lake la tofali kwenye goti, na jinsi anavyofuta pua kwa bega. Mwasiti alikuwa amempima vizuri kabisa. Ngereza mwenyewe saa hiyo alikuwa kwenye chumba fulani Dar es Salaam, hajagusa mpira tangu Ijumaa.

Kipenga cha mashine kililia. Mpira wa nuru ulimfikia Ngereza upande wa kulia, akiwa amelipa goli mgongo. Alifanya kile kitu chake, ambacho mji mzima ulikijua tangu akiwa mtoto wa kucheza chandimu mitaani: aliuacha mpira umpite katikati ya miguu, akamzunguka beki upande wa pili, akaukuta unamsubiri. Jukwaani mtu mmoja alisimama. Wakasimama kumi. Kipa mzee wa Katani, kivuli chake, alitoka langoni amechelewa.

"Piga!" jukwaa lilinguruma. "Piga, Ngereza!"

Akapiga. Mpira ukaingia kwenye kona ya juu, na uwanja mzima wa Korogwe ukalipuka kwa shangwe. Wanaume walikumbatiana. Mwanamke alirusha mtandio hewani. Mhina Semkiwa, kocha wa Katani, alikuwa ameruka juu na ngumi zake mbili, mdomo wazi, machozi ya furaha yanamtoka, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kijana yule kitu kile, na hakuwahi kukiona kimefanyika vizuri namna hiyo.

Kisha ubao ukaandika: Himaya moja, Katani sifuri.

Shangwe ilikatika kama redio iliyochomolewa waya. Watu walibaki wamesimama wameshikana, kila mmoja akiona haya kumtazama mwenzake, wakaanza kuachana mikono polepole na kukaa. Mahali fulani juu Bi Kidawa alianza kupiga kelele kwamba mayai ya siku hizi ni ya kuku wa mashine, hayana nguvu, na kwamba yeye alisema toka mwanzo. Aliteremka ngazi akisema hivyohivyo mpaka akafika mstarini kwa kocha.

Kwenye kifundo cha mkono wa Mwasiti kioo kilitoa mlio mdogo. Ulikuwa ujumbe wa Lukindo: pongezi, kupandishwa cheo, na jina la klabu nyingine ya kusini ambayo wachezaji wake, ilisemekana, nao huruka ukuta. Aende lini?

Alikivua kioo akakiangusha kwenye nyasi. Akasogea mpaka ubavuni kwa kaka yake.

"Kaka Mhina. Nilikosea. Wallahi sikujua kama wataisoma sheria hivyo. Nitaacha kazi. Nitafungua kesi, nitasema kila ninachokijua kuhusu ile mashine."

Mhina alikuwa ameshusha ngumi zake. Aliitazama mikono yake kana kwamba ilimsaliti, akaifuta kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine. Mbele yake kivuli cha Ngereza kilikuwa kikirudi katikati ya uwanja kuanza upya, kinafuta pua kwa bega.

"Umeniona nilivyoshangilia?" aliuliza.

"Kaka..."

"Umeniona." Haikuwa swali tena. Alimgeukia Bi Kidawa, akampa dada yake mgongo, akazungumza taratibu kama mtu anayepanga mambo ya nyumba.

"Bi Kidawa, miye nikifa, huyu asiitwe msibani."

Bi Kidawa alimtazama Mwasiti, akamtazama kocha. Alifunga mtandio wake vizuri kichwani.

"Nimesikia, kocha," alisema, na akasimama kati yao.